Shimo la Mzee Maganga

Mwezi uliopita nilikabidhi vifaa vya ofisi kwa afisa afya mpya wa Kalolenzi, binti mchangamfu anayeitwa Neema. Nilimkabidhi muhuri wa nyama, tochi ambayo huwaka ukiizaba makofi mawili, baiskeli isiyo na kengele, na madaftari saba ya kaya. Kila kitu alikiandika kwenye kishikwambi chake. Tulipofika kwenye fimbo yangu ya mninga, ile yenye alama za futi zilizochongwa kwa kisu, akauliza, "Hii nayo ni ya nini, mzee?" Nikamwambia ni ya kupimia vina vya vyoo. Akacheka kwa adabu, akasema siku hizi kuna kipimo cha kumulika tu. Nikairudisha kwapani. Fimbo hiyo haimo kwenye orodha ya mali ya serikali, na hata ingekuwemo ningeapa kwamba imeliwa na mchwa. Maelezo yake ni marefu kidogo, ndiyo maana nimekaa kuandika, kwa ajili ya Neema na wenzake wanaoanza kazi.

Vyeo sitavigusa. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote barua ilinifikia nikiwa nimeshasahau kwamba niliomba.

Kalolenzi ni mji wa barabara moja, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka stesheni ya treni. Barabara yenyewe ni ile waliyopita wapagazi wa misafara wakienda pwani na meno ya ndovu begani. Upande wa juu kuna msikiti, upande wa chini kuna kanisa la Moravian, na katikati kuna duka la Mzee Haridas, ambaye familia yake imeuza chumvi, vitambaa na misumari hapo tangu enzi za babu yake. Nyuma ya duka, bondeni, kuna kisima cha zamani walichokunywa wapagazi. Mji mzima, shule na zahanati, wote wanachota hapo mpaka leo. Kikumbukeni kisima hicho, kwa sababu kazi yangu yote ilikuwa kukilinda, na nusura kinishinde.

Nilifika nikiwa kijana wa miaka ishirini na minne, Mzaramo wa Kisarawe, nimetoka chuoni juzi, sare imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Tobias, Mfipa mrefu mwenye pua kubwa aliyoitumia kikazi. Siku ya kwanza alinifundisha mambo ambayo chuoni hawakuyataja. Bucha likaguliwe asubuhi kabla mwenye bucha hajanywa chai, kwa sababu akishakunywa chai anaanza kuwa na hoja. Ini lipasuliwe, lisitazamwe tu juu juu. Kwa mama lishe, anza kula, ukague baadaye, ukishajua unachokikagua. Na kuhusu vyoo alikuwa na sheria moja tu.

"Bisha hodi mara tatu," alisema. "Si mara moja, si mbili. Mimi nilibisha mara mbili mwaka wangu wa kwanza, na yule mama mpaka leo hatusalimiani."

Wiki iliyofuata akaenda kwao Sumbawanga, likizo ya miezi kadhaa aliyoilimbikiza, akaniachia mji. Hapo ndipo nilipokutana na Mzee Maganga.

Mzee Maganga alikuwa mkulima wa tumbaku, Mnyamwezi wa makamo wakati ule, mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Nyumba yake ilikuwa kilimani, juu kidogo ya kisima. Niliingia uani kwake na daftari langu, watu kama kumi wakiwa wamekaa wanafunga tumbaku. Akaniangalia kofia mpaka viatu.

"Unatoka wapi wewe?"

"Kisarawe, mzee. Shikamoo."

"Mzaramo!" akapiga kelele, akasimama. "Jamani, nani kamfungulia Mzaramo? Pwani wamekosa wa kumpigia ngoma, wametuletea sisi tumlishe!"

"Mzee, mimi ni Bwana Afya."

"Kofia naiona. Aliyeivaa ndiye simuoni."

Watu wakaanguka kicheko. Nikajikaza, nikauliza choo kiko wapi. Akaninyooshea mkono porini.

"Choo changu kikubwa kuliko cha Mhindi. Kinaanzia kwenye ule mninga, kinaishia Sikonge. Ukitaka kukikagua chote, beba na chakula cha njiani."

Nilipogeuka kuutazama mninga, alikuwa ameshanivua kofia na kumvisha mbuzi. Mbuzi akaondoka nayo.

Naomba mnielewe. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi niliujua, nilizaliwa nao. Nilishawaona Wanyamwezi wakija msibani kwetu, wakalala mlangoni na kuzuia maiti isitolewe mpaka wapewe jogoo. Lakini nilidhani utani ni mambo ya wazee na misiba, na kwamba hauvuki mlango wa ofisi ya serikali. Nilikuwa na sare. Nilikuwa na cheti. Nikaenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kata, naye mgeni kama mimi, mtu wa Mara, tukaandika mashitaka: kumdhalilisha mtumishi wa umma akiwa kazini, pamoja na kumvisha mbuzi sare.

Mzee Maganga akaitwa. Akakalishwa kwenye benchi la ofisi tangu asubuhi mpaka alasiri, na mji ukipita kumwangalia. Alipoingia ndani alikuwa amevua kofia yake mwenyewe. Akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Nisamehe, Bwana Afya. Sitarudia."

Nikamsamehe. Nilirudi nyumbani natembea kama nimepewa wilaya.

Kesho yake mji ulikuwa umebadilika. Nilipopita barabarani, watu walinyamaza. Kwa mama lishe nilikaa, na wote waliokuwa kwenye benchi langu wakahamia benchi jingine, kwa heshima, ili Bwana Afya apate nafasi. Muuza bucha nilimkuta ameshakata ini vipande vya kutosha kukaguliwa na madaktari wawili, wala hakubishana nami hata neno moja. Nilipoamuru mtu achimbe choo, alijibu, "Ndiyo, Bwana Afya." Wote walijibu hivyo, nyumba hadi nyumba. Katika miezi minne nilikusanya ndiyo zaidi ya mia mbili, bila shimo hata moja.

Kilichonivunja ni Bibi Kalunde. Alikuwa bibi wa miaka kama themanini, mgongo umepinda, anakwenda kisimani na ndoo yake. Tulipokutana akaweka ndoo chini, akapiga goti nusu, akaniambia, "Shikamoo, baba."

Bibi wa miaka themanini! Mimi wa miaka ishirini na minne! Sikujua niitikie nini. Ukiitikia marahaba umelaaniwa, usipoitikia umedharau. Nikabeba ndoo yake nikakimbia nayo mpaka kwake, nikamwacha nyuma anakuja polepole. Usiku ule niliandika barua ya kuomba uhamisho.

Mzee Tobias aliporudi aliikuta barua mezani. Akaisoma, akaitumia kufutia miwani.

"Umemshitaki mtani," akasema.

"Alinitukana, mzee."

"Alikukaribisha. Sikiliza, Kondo. Babu za hawa walipita kwenu na mizigo kichwani. Wengine waliugua njiani, wakafia kwenu, na babu zako ndio waliowazika, kwa sababu ndugu zao walikuwa mbali. Wenu nao walikuja huku, wakafia huku, wakazikwa na hawa. Watu walioanza urafiki kwa kuzikana, wewe unampeleka mmoja wao kwa mtendaji?"

Nikaona aibu mpaka masikio. Nikamuuliza nifanye nini, niende nikamwombe radhi?

"Ukimwomba radhi umemaliza kabisa. Heshima ndiyo imekufikisha hapa. Nenda ukamwibie kuku."

"Nikiwa nimevaa nguo za nyumbani?"

"Vaa sare. Vaa na kofia. Na iwe mchana, siku ya mnada."

Basi, wenzangu, katika mambo yote niliyoyafanya kwa ajili ya serikali, hilo ndilo lililohitaji ujasiri kuliko yote. Siku ya mnada, saa sita, barabara imejaa watu wa vijijini na magunia yao, niliingia uani kwa Mzee Maganga nikiwa na sare kamili. Alikuwa amekaa na mkewe, Mama Yohana, wanakula matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Nikawaamkia. Wakaniitikia kwa adabu ile ile ya kuua. Nikainama, nikamkamata jogoo wao mwekundu, nikamtia kwapani, nikapanda baiskeli.

Nikakanyaga pedali mara mbili. Kisha nikasikia sauti ile ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Mwiziii! Mzaramo kaiba! Mzaramo kaanza kazi!"

Sijawahi kusikia mtu akiita mwizi kwa furaha namna ile. Mnada mzima uligeuka. Mama Yohana alitoka na mwiko mkononi, nyuma yake watoto, nyuma ya watoto mbwa. Jogoo alikuwa ananidonoa shingoni, na mnyororo wa baiskeli, ambao haukuwahi kukatika hata siku moja, ukakatika mbele ya duka la Mzee Haridas. Mzee Haridas akatoka mlangoni, akaniangalia na jogoo wangu, akauliza kwa upole, "Bwana Afya, hiyo imekaguliwa?"

Nilikamatwa hapo. Mama Yohana alinipiga mwiko mmoja wa bega, wa haki kabisa. Nikarudishwa uani kwa Maganga kwa vigelegele, jogoo akachinjwa, tukala wote. Bibi Kalunde akaja, akaniambia mbele ya watu kwamba miguu yangu myembamba kama ya korongo. Nikakaribia kulia kwa raha.

Tulipomaliza kula, Mzee Maganga akaingia ndani akatoka na kipande cha mninga. Akakaa pale pale, akakichonga fimbo, akapiga alama za futi kwa kisu huku akitumia unyayo wake mwenyewe kama kipimo, ndiyo maana futi za fimbo hii ni fupi kidogo kuliko za serikali.

"Babu yangu alibeba mizigo ya watu mpaka kwenu," akasema, akanipa. "Sasa wewe beba hii, upimie mashimo. Leo ndiyo umefika Kalolenzi. Siku zote zile ulikuwa njiani."

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Sikuandika notisi tena. Siku ya mnada nilisimama kwenye ngazi za duka, nikawatangaza wasio na vyoo mmoja mmoja, kwa majina, kwa wimbo wa ngoma ya kwetu ambao maneno yake siwezi kuyaandika hapa kwa sababu Neema ni mwana kwaya. Mtu mwingine angefanya hivyo angepigwa. Mimi walinitukana, wakacheka, halafu wakaenda kuchimba ili wiki ijayo nimwimbe mwingine. Wale waliodai kwamba hawajui choo kizuri kinavyokuwa niliwapeleka kwa Mzee Haridas kukiona cha kwake, chenye marumaru na mlango wa kitasa. Mkewe aliwapa chai kabla na baada. Ilifika mahali watu wenye vyoo vyao wakawa wanadai hawana, ili waende kunywa chai.

Mwaka hadi mwaka Kalolenzi ikajaa vyoo, na kila mlangoni kibuyu chirizi cha kunawia. Ikabaki nyumba moja.

"Mtani, chimba," nilimwambia kila kiangazi.

"Ardhi ngumu."

"Yohana na wadogo zake wana nguvu. Waachie wachimbe."

"Wakithubutu nawafukuza. Shimo la Mzaramo nitachimba mwenyewe. Na nikishalichimba, tutabaki na nini cha kuongea?"

Nilicheka, na hapo ndipo nilipokosea, na ninawaandikia nyinyi vijana ili msirudie. Mama Yohana na wake za wanawe walikuwa wanatumia choo cha jirani. Yeye Maganga na wanawe walikwenda porini kama kawaida. Lakini pori lile la kuanzia kwenye mninga mpaka Sikonge lilikuwa linapungua. Miti ilikatwa kwa ajili ya kukaushia tumbaku, mashamba yakasogea, nyumba zikasogea, mpaka likabaki pori moja tu la mtu kujisitiri: kile kichaka cha mtelemkoni, juu ya kisima. Nilikiona. Nilijua mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi. Ningeweza kumpeleka kwa mtendaji mara ya pili, na sheria ilikuwa upande wangu. Niliogopa. Niliogopa ile shikamoo ya Bibi Kalunde.

Miaka mitatu iliyopita masika yalikuwa makubwa, na watu wakaanza kuharisha. Kwanza wanafunzi wawili, halafu nyumba tano, halafu zahanati ikajaa mpaka mikeka ikatandikwa nje. Tukatia dawa kisimani, nikapita nyumba hadi nyumba nikiwaambia wachemshe maji, na safari hii sikuimba. Mama Yohana alikuwa kati ya waliozidiwa. Walimpakia kwenye lori la tumbaku kumpeleka hospitali Tabora, macho yameingia ndani, hana nguvu hata ya kunitukana. Mzee Maganga, mzee wa zaidi ya miaka themanini sasa, alibaki barabarani ameshika kanga yake, analitazama lori mpaka likapotea.

"Ni mimi," akaniambia. "Ni kile kichaka."

Sikumkatalia.

"Kiangazi nitachimba, Kondo. Sitanii."

Katika miaka thelathini na ushee hakuwahi kuniita jina langu. Nilikuwa Mzaramo, mwizi, mla nazi. Nilikwenda kukaa nyuma ya bucha peke yangu mpaka jioni.

Mama Yohana alipona, wote walipona, Mungu mkubwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga kile kichaka. Yohana alikizungushia miiba, na wanaume nao wakaanza kubisha hodi kwa jirani. Lakini jirani alikuwa ameshachoka na choo chake kinajaa, na kila mtu alijua kwamba masika yajayo miiba haitamzuia mtu aliyebanwa. Maganga mwenyewe kifua kilimwanza. Alitoka na jembe mara mbili, akachora mduara chini, upande wa pili wa nyumba, mbali na kisima, pale nilipomwonyesha. Hakufika mbali zaidi ya mduara. Yohana aliposhika jembe amsaidie, alifukuzwa, kama kawaida.

Nilimtembelea tumbaku ikiwa inauzwa. Alikuwa amelala kwenye mkeka, pumzi fupi.

"Nakukimbia, mtani," akasema. "Hujanikagua."

"Utakwenda wapi nisipokukagua?"

Akacheka mpaka akakohoa. Siku ya tatu Yohana alikuja ofisini asubuhi kunipa habari. Ofisi niliifunga, nikavaa sare, nikavaa kofia, nikachukua fimbo.

Uani walikuwa wamejaa watu, Waislamu na Wakristo, kwaya ya Moravian upande mmoja, wazee wa msikitini upande mwingine, Mzee Haridas kwenye kiti alicholetewa kutoka dukani kwake. Kaburi lilikuwa limechimbwa tayari karibu na bani la kukaushia tumbaku. Mchungaji, kijana mpya kutoka Mbeya, alisoma, kwaya ikaimba, jeneza likanyanyuliwa. Hapo nikapita katikati ya watu, nikashuka kaburini, nikasimama ndani.

Mchungaji akafunga kitabu kidole kikiwa ndani.

"Mzee, tafadhali..."

"Mwache, Mchungaji," akasema mdogo wa marehemu. "Huyo ni mtani. Ni haki yake."

Nikasimika fimbo chini, nikapima. Nikapima na upana. Kisha nikapaza sauti, nikiongea na jeneza.

"Maganga! Miaka yote nakuomba shimo, unaniambia ardhi ngumu. Leo imelainika? Nimeitwa mbio, naambiwa Maganga kachimba, nikavaa mpaka kofia. Kina kinatosha. Upana unatosha. Lakini mfuniko uko wapi? Bomba la hewa liko wapi? Kibuyu chirizi kiko wapi? Choo hiki sikipitishi!"

Aliyeanza kucheka ni Mama Yohana. Alikuwa amekaa mkekani, kichwa kimefunikwa, akacheka huku machozi yanamtoka, na wanawake wote wakamfuata. Kwaya ikashindwa kujizuia. Mchungaji alimtazama mzee wa kanisa, akamkuta amejifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika.

Yohana akaja ukingoni na kuku, kama desturi inavyotaka.

"Mtani wetu, pokea huyu, utoke, tumpumzishe mzee."

"Kuku wa kwenu nilishamla. Na huo mwiko wa mama yako bado naukumbuka."

Akaletwa mbuzi.

"Mbuzi wenu alinichukulia kofia. Sitaki mbuzi."

"Basi unataka nini?"

"Nataka shimo. Ule mduara aliouchora baba yako upande wa pili, nataka uchimbwe sasa hivi. Alisema wanawe wakishika jembe atawafukuza. Haya, na awafukuze, nione. Mpaka hapo sitoki, na Maganga haingii."

Yohana aliniangalia, akaangalia jeneza, akavua koti la suti akamkabidhi Mchungaji. Wadogo zake wakavua ya kwao. Wakaja vijana wa kwaya, wakaja vijana wa msikitini, wakiwa na majembe, sururu na makoleo yale yale yaliyochimba kaburi. Walichimba kwa zamu, huku wakiimba, kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwenye mradi wowote wa serikali. Mimi nilikaa chini kaburini kumsubiri mtani wangu.

Nitasema wazi: huko chini nililia. Watu walidhani nimekaa kimya kwa ukaidi. Shimo lile lilikuwa na harufu nzuri ya udongo mpya, fimbo ya Maganga ilikuwa magotini kwangu, na nilikuwa nafikiri kwamba kule Kisarawe hakuna mtu aliyebaki anayejua namna ya kunitukana.

Ilipofika kama saa kumi, Yohana akaita kwamba shimo limemfika kifuani. Kuna mwamba mdogo, akasema, lakini kesho watamaliza. Nikanyoosha mikono, nikavutwa juu, nikaenda kupima kwa fimbo mbele ya watu wote, nikatikisa kichwa kwa ubishi kidogo, kisha nikasema inatosha. Tukamzika Mzee Maganga. Mimi ndiye niliyetupia udongo baada ya wanawe. Kabla ya matanga kwisha, choo kilikuwa na sakafu, kuta, bati, mfuniko, bomba la hewa na kibuyu. Kichaka cha juu ya kisima wakakifyeka, wakapanda migomba mbali na maji. Masika mawili yamepita tangu hapo, na mikeka ya zahanati iko stoo.

Kwa hiyo, Neema, fimbo ni hiyo. Futi zake ni fupi, hata ningekupa isingekufaa kwa ripoti. Wewe si mtani wao, utatafuta njia yako mwenyewe, na mji huu una njia nyingi. Siku ukiona wote wanakuamkia vizuri mno, jitazame umekosea wapi.

Siku yangu ya mwisho ya kazi nilipita nyumba zote kuaga. Kwa Maganga nilifika mwisho. Uani hapakuwa na mtu. Nikasema nikikague choo mara moja ya mwisho, nikazunguka upande wa pili, nikabisha hodi kama alivyonifundisha Mzee Tobias: mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya. Nikabisha ya tatu.

"Nani?" ikatoka sauti ya Mama Yohana ndani.

"Bwana Afya."

"Ondoka hapo, mwizi wa kuku!"

Nikasogea pembeni, nikamsubiri atoke, nikammiminia maji ya kunawa.